Ngome Kongwe: Ukumbi Usio na Paa

Kama uko kwenye umri ule ambao kila ukifungua pochi unakutana na kadi ya mchango, utanielewa haraka sana. Mwaka jana peke yake nilikaa kwenye kamati nne za harusi. Nne! Nikachanga, nikachangisha, nikashonesha sare za kitenge ambazo leo zinafutia vumbi kwenye gari. Na harusi ya mwisho ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Ukumbi ulikuwa mzuri tu, uko hapa hapa Dar, jina nalihifadhi. Viti vimefungwa utepe wa zambarau, keki ya ghorofa tano, MC mwenye sauti kubwa kuliko spika zake. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi usiku, baba wa bibi harusi ndiyo kwanza ameshika maiki kumuusia mwanawe, taa zikazimwa. Usidhani umeme ulikatika, la hasha. Ni mwenye ukumbi, muda wa mkataba umeisha. Mzee wa watu akamalizia nasaha zake gizani, huku nyuma yake vijana wa ukumbi wanakunja viti, kwa-kwa-kwa.

Ndani ya teksi tulikaa kimya mpaka Magomeni. Halafu mchumba wangu akasema, "Sikia mpenzi. Ya kwetu haitazimwa taa."

Huyu mchumba wangu ni mtu wa Tanga, na mimi humwita Mhandisi maana ndiyo kazi yake na ndiyo tabia yake. Anapima kila kitu. Tukienda kula mihogo Coco Beach anahesabu hatua kutoka gari mpaka kwa muuzaji. Usiku ule akaanza kuorodhesha kumbi za mjini kwa ukubwa, maegesho na idadi ya vyoo. Mimi nikaropoka tu: "Na Ngome Kongwe je?"

Akacheka. "Ya Zanzibar? Ile ya tamasha?"

Ile ile. Miaka kadhaa nyuma nilikwenda na mashosti zangu kwenye Sauti za Busara, tukakaa kwenye ngazi za mawe, mwezi uko juu, upepo wa bahari unaruka ukuta na kutupiga usoni, kundi la taarab liko jukwaani na kila mwanamke aliyeguswa na shairi anashuka taratibu kwenda kutunza. Sijawahi kukaa kwenye ukumbi wowote, wenye viyoyozi au usio nao, nikajisikia vile. Na nilikuwa nimesikia kwamba ukiondoa siku za matamasha, mtu binafsi anaweza kukodi eneo kwa shughuli yake: chakula cha jioni cha kampuni, uzinduzi wa kitabu, harusi.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa Mhandisi. Kulikuwa na nyingine ambayo sikumpa, nitaifikia.

Safari ya kupima

Jumamosi moja tukapanda boti ya saa moja asubuhi. Takriban saa mbili za maji, mwenzangu kajikunyata na begi la kutapikia mkononi (Mtanga, eti), mimi nakunywa chai. Ukishuka bandarini Malindi, papasi watakuzunguka kama nyuki: teksi dada, hoteli kaka, Kisiwa cha Changuu, Jozani, viungo. Washukuru kwa upole uendelee na safari zako, kwa sababu njia ya kwenda Ngome Kongwe ni ya kutembea kwa miguu na ndiyo nusu ya utamu wenyewe. Unafuata barabara ya Mizingani, bahari iko kulia. Unapita jengo la zahanati ya zamani lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, unapita Mtini ambako vijana wanatengeneza mashua, unapita kasri la masultani. Halafu macho yako yanatafuta Beit el Ajaib, na hapo ndipo moyo unapokupasuka kidogo.

Wengi wetu tumeikuta ile nyumba kwenye vitabu vya shule. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na watu wa mji waliiita ya ajabu kwa sababu ya taa za umeme na lifti, mambo ambayo hawakuwahi kuyaona. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka mchana kweupe na mafundi wawili wakafariki. Mhandisi alisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Majengo haya, akaniambia, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yanavuta unyevu na kuutoa kama ngozi ya mtu. Ukiyapiga saruji unayaziba pumzi. Ukiyaacha bila kuyagusa, mvua inaingia kwenye dari, boriti zinaoza, siku moja yanakaa chini. "Ukitaka yaishi, lazima yatumike na lazima yatunzwe. Ukikosa kimoja, umeyakosa yote."

Na hatua chache tu kutoka hapo ndiyo Ngome, ng'ambo ya bustani ya Forodhani.

Kanisa, gereza, reli, tenisi

Kwa nje haikubembelezi. Ni kuta ndefu za rangi ya udongo, zenye meno juu na minara ya duara pembeni. Waarabu wa Oman waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatimua Wareno, na waliijenga palepale ambapo Wareno walikuwa na kanisa. Mabaki ya kanisa hilo yamo ndani ya ukuta mpaka leo. Hapa kuna jambo dogo la lugha ambalo mimi lilinifurahisha: Mreno kanisa analiita *igreja*, na huko ndiko lilikotoka neno letu gereza. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa mahali pa kufungia watu, na neno likasafiri nalo. Kweli katika karne ya 19 ngome hii ilikuwa kambi ya askari na jela. Kwa hiyo ukimwambia shangazi yako kwamba unafungia harusi gerezani, kihistoria hujadanganya.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuka karakana ya reli. Ndiyo, Zanzibar ilikuwa na treni! Ilikwenda Bububu, maili 7 hivi, na kampuni iliyoijenga ilikuwa ya Kimarekani. Treni ikafa, karakana ikabaki magofu.

Halafu mwaka 1949 jengo likakarabatiwa likawa klabu ya wanawake. Ua ukafanywa uwanja wa tenisi. Wanawake wa mjini, ambao nje walitembea na mabuibui, walikuwa wakiingia mle ndani nyuma ya kuta zile nene ambazo ziliwekwa kuzuia mizinga, wanavua mabuibui yao, wanacheza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 klabu ikafa na mahali pakasahaulika, mpaka miaka ya 1990 lilipojengwa jukwaa na ngazi za mawe za nusu duara. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, likaanza kuwaleta watu mwaka 1998, na Sauti za Busara mwaka 2004. Hapo ndipo na mimi nilipoingia, na mashosti zangu na soda zetu.

Nimekwambia nitaifikia ile sababu nyingine. Ndiyo hii.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakipelekwa kwenye klabu ile. Alizaliwa Unguja, dada yake mkubwa alikuwa mchezaji, na yeye kazi yake ilikuwa kuokota mipira. Ni hadithi pekee ya Unguja anayoisimulia, na anaisimulia kwa kucheka mpaka anajifuta machozi kwa upindo wa kanga: jinsi mwanamke mmoja mnene alivyokuwa akipiga mpira unavuka ukuta, na jinsi wao watoto walivyotumwa kwenda kuufuata nje. Mwaka 1964 alivuka kuja Dar na mama yangu mgongoni. Babu hakuvuka. Zaidi ya hapo hasimulii, na sisi tumelelewa tusiulize. Tangu siku hiyo hajarudi. Saa mbili za boti, miaka zaidi ya 60. Misiba imetokea huko, hakwenda. Ndugu wameoza huko, hakwenda. Ukimwambia anasema, "Mimi huko sendi, mwanangu. Nendeni nyinyi."

Sasa nilikuwa nimejiaminisha kwamba hawezi kukosa harusi ya mjukuu wake.

Hatua za Mhandisi

Ukipita langoni unakutana na ua wa kwanza: maduka ya picha za tingatinga, vikoi, dada wanaochora hina, watalii wamekaa kivulini na ramani zao. Ukipenya ndani zaidi ndiyo unafika ulipo ukumbi wenyewe, ukumbi usio na paa. Jukwaa liko chini, ngazi zinapanda kulizunguka, na juu ya ngazi kuta, na juu ya kuta mbingu. Mchana hapana jambo. Jua linachoma, paka wamelala, unaweza kujiuliza umefuata nini. Usiondoke. Subiri jua lipinde. Kuanzia kama saa kumi na moja jioni zile kuta zinabadilika rangi, zinakuwa kama mkate uliotoka tanurini, na sauti za Forodhani zinaanza kuingia: vijiko kwenye bakuli za urojo, watoto wanaojirusha baharini, mashine za juisi ya miwa.

Mhandisi akatoa daftari. Akapiga hatua kutoka jukwaani mpaka ngazi ya kwanza, akapiga hatua kwa upana, akaandika, akafuta.

"Wa kula mezani, meza za duara, mia na kitu," akasema. "Tukitaka na nafasi ya kucheza."

"Na baba?"

Baba yake ana orodha ya watu 350. Nilipompigia simu kumsalimu wiki ile aliniambia kwa upole wote wa Kitanga, "Mwanangu, sisi akialikwa mmoja, tumealikwa." Mabasi mawili, alishayazungumza.

"Mia tatu na hamsini," akajibu Mhandisi huku akiangalia ngazi, "labda wakae kama wanaangalia Simba na Yanga."

Tulimkuta kijana wa saundi ambaye amefunga mitambo mle mara nyingi. Kama unafikiria kufanya shughuli ya muziki pale, mambo aliyotueleza ni ya thamani kuliko kitabu chochote cha mapambo ya harusi. Adui wa kwanza, alisema, ni upepo. Ukumbi hauna paa, kwa hiyo sauti haina pa kugonga juu ikarudi. Inapanda na kuondoka. Ala za taratibu kama udi na kanuni lazima ziwekewe maiki karibu sana, na maiki zivalishwe sifongo, la sivyo wageni wa ngazi za juu watasikia upepo unavyoimba. Kuta ni nene na zina mikwaruzo, hazirudishi mwangwi mkali kama zile kumbi zetu za vigae ambako MC akisema "makofi" yanasikika makofi-kofi-kofi. Kwa hiyo ukifunga spika ndogo nyingi pembeni badala ya mbili kubwa mbele, unapata sauti safi na hutawasumbua majirani.

Kuhusu majirani, elewa kwamba huu ni mji wa watu. Misikiti iko kila kona, adhana ikipigwa muziki unanyamaza, na hilo halina mjadala. Mwezi wa Ramadhani usifikirie kabisa. Mtu anayetaka DJ wa kutikisa mpaka alfajiri amekosea njia, aende fukwe za kaskazini. Na umeme: waulize waliokuwepo. Desemba 2009 kisiwa kizima kilikosa umeme, na haukurudi mpaka Machi 2010. Tamasha la Februari mwaka ule likafanyika hivyo hivyo, kwa jenereta. Kwa hiyo jenereta lako la akiba liandike kwenye bajeti mwanzoni kabisa, kabla ya maua.

Maua yenyewe, kwa maoni yangu, punguza. Niliwahi kuona picha za shughuli moja mle ndani ambapo mpambaji alifunika ukuta wa zaidi ya miaka 300 kwa satini ya rangi ya waridi. Kwa nini sasa? Si ungebaki Dar? Taa za chini za rangi ya njano, kandili, vikuba vya asumini na mrehani, basi. Ukuta utamaliza kazi iliyobaki.

Mvua usiifanyie mzaha. Masika, Machi mpaka Mei, futa kabisa. Vuli ni ya kubahatisha. Juni mpaka Septemba ndiyo muda wa raha, kusi inavuma, hewa imepoa, ila chunguza tarehe za matamasha kwanza maana wiki hizo hupati hata kona. Na mtu yeyote akikwambia bei njiani, msikilize, mshukuru, halafu uende ukawaulize wenye dhamana ya jengo wakupe kwa maandishi: eneo gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, nani anafungua lango kwa ajili ya wapishi, vyoo vingapi, nani anasafisha asubuhi. Baada ya ile harusi ya kuzimiwa taa, mimi kipengele cha muda nakisoma mara tatu.

Nani atapiga

Mchana tulikwenda Vuga kuulizia kundi. Hapa lazima niseme ukweli, huwezi kuingia Ngome Kongwe na muziki wa kompyuta halafu ukajiona umefanya kitu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash ndiye aliyemtuma kijana kwenda Misri kujifunza kanuni, aje kufundisha wengine. Akhwan Safaa ipo tangu 1905. Culture Musical Club tangu 1958. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na ndiye aliyeutoa muziki huu kwenye majumba ya wakubwa ukaja kwetu akina sie. Bi Kidude aliupokea kwake na akauimba jukwaani mpaka uzeeni kabisa, sigara mkononi, hadi alipofariki Aprili 2013. Watu wa aina hiyo wameuzoesha mji huu kusikiliza maneno.

Na kwa harusi kuna faida yake. Kwenye kumbi zetu bibi harusi anakaa jukwaani kama sanamu saa nne mfululizo huku watu wanamhutubia. Taarab inawatoa wageni kwenye viti. Mtu akisikia beti inayomhusu anashuka, anapita mbele ya wote, anaweka noti yake, anarudi kwa madaha. Zile ngazi utadhani zilijengwa kwa ajili hiyo! Mama mkwe akishuka kutoka ngazi ya juu kabisa kuja kumtunza mwimbaji, huhitaji MC wa kueleza anachosema.

Mhandisi alikubali kila kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa.

Kwenye ngazi

Jioni tulirudi tukakaa ngazi ya katikati. Alikuwa amenunua mishkaki na mkate wa kumimina, daftari liko pembeni limefungwa. Akaniuliza bila kunitazama: "Hebu niambie ukweli. Unaitaka ngome, au unataka bibi arudi?"

Sikujibu. Unajua yale maswali ambayo ukijibu tu haraka, umejibu vibaya?

"Maana kama ni ngome," akaendelea, "mimi nimeshapata jibu. Walima tunafanya Tanga mchana, baba ale na watu wake 350, mabasi hayahitajiki hata moja. Hapa tunakuja watu 120, jioni moja, udi na fidla, tumemaliza. Lakini kama ni bibi, basi hili si suala la ukumbi. Umemuuliza?"

Nilikuwa sijamuuliza. Nilikuwa nimepanga nilipie kwanza, nichapishe kadi, halafu nimpelekee ikiwa tayari, ashindwe kukataa. Kwa sauti ya juu, pale kwenye mawe, mpango ule ulisikika kama ulivyo. Nilikuwa namtega bibi yangu.

Tuligombana kidogo. Nikamwambia yeye hajui, kwao kila mtu yupo, makaburi yao wanayajua yalipo. Akanyamaza, kisha akasema ni kweli hajui, na ndiyo maana asingethubutu kumfungia mtu mzima lango kwa nyuma. "Mpigie," akasema. "Kabla hatujatoa hata senti ya kianzio."

Ilikuwa inakaribia magharibi. Popo wameanza kuzunguka juu ya mnara. Nikapiga, akapokea mama, akampa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mko wapi, mbona upepo?"

Nikamwambia. Nilimwambia tuko Unguja, tuko ndani ya Ngome, tumekaa. Nikamwambia tunafikiria kufanyia sherehe hapa, na kwamba kama hataki, haifanyiki, tutatafuta ukumbi Magomeni karibu na nyumbani kwake na wala hatutaona ubaya. Nilisema yote kwa pumzi moja maana nilijua nikisimama sitaendelea.

Kimya. Nilidhani simu imekatika. Mhandisi alikuwa anatazama miguu yake.

"Mumeingia mpaka ndani?" akauliza.

"Ndiyo bibi."

"Uwanja upo?"

"Haupo bibi. Wamejenga jukwaa, na ngazi za kukalia."

"Ngazi?"

"Za mawe. Zinazunguka hivi, watu wanakaa juu wanaangalia chini."

"Na ule ukuta wa upande wa pwani?"

Nikainua kichwa. Ukuta upo, nikamwambia, mrefu, na juu yake bado kuna mwanga kidogo. Akaniuliza mrefu kiasi gani, nikamwambia sijui. Mhandisi, ambaye alikuwa anasikia kila neno, akanyanyuka akaenda kusimama chini yake, akanyoosha mkono juu kunionyesha kimo, mtu mzima na mishkaki yake. Nikaanza kucheka. Nikamweleza bibi kwamba mkwe wake anapima ukuta.

"Mpira ulikuwa unavuka pale," akasema. "Pale pale." Kisha akakaa tena kimya, safari hii nikisikia anavyovuta pumzi, na nyuma yake mama anauliza kuna nini.

Adhana ikaanza. Ukaanza msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha ikawa huwezi kusema ni upi. Najua alikuwa anaisikia kwenye simu kwa sababu hakusema neno mpaka ilipokwisha.

"Basi," akasema, "hizo ngazi zenu zina mgongo?"

"Hazina bibi, ni mawe matupu."

"Sasa mimi, kwa kiuno hiki, mtanikalisha juu ya jiwe?"

Mhandisi alikuwa ameshafungua daftari.